Mama akimbie mbio zake: somo kwa wazazi, vijana na viongozi

Somo hili ni kwa wazazi wenye vijana wa miaka 12 hadi 18. Ni pia kwa viongozi wa kambi, wa mitaa, wa makanisa na wa misikiti, wanaoitwa kila siku kusuluhisha ugomvi kati ya mzazi na kijana wake. Lisomeni kwa sauti katika kikundi cha watu kumi au kumi na watano, wazazi na vijana wakiwa pamoja. Mkifika penye swali, simameni, mzungumze, halafu mwendelee. Kama muda ni mfupi, someni hadithi leo na zoezi juma lijalo.

Swali la kwanza ni kabla ya hadithi. Ukiona mtu mzima anakimbia barabarani, unafikiri nini?

Nimewauliza akina mama wa kwetu swali hili mara nyingi, na jibu halibadiliki: "Ninauliza vita viko wapi." Kwetu mtoto anakimbia kwa mchezo, askari anakimbia kwa mazoezi, na mtu mzima anakimbia kwa sababu kuna kinachomfukuza. Mimi mwenyewe nilikuwa sijakimbia tangu mwisho wa mwaka 1996. Nilikuwa na miaka 14. Tulitoka kijijini kwetu, eneo la Fizi, tukashuka hadi ufuko wa ziwa karibu na Baraka, tukavuka Tanganyika usiku. Kutoka Kigoma malori yalitupeleka Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kambi iliyokuwa imefunguliwa muda mfupi tu kabla yetu. Nilikaa pale karibu miaka ishirini. Niliolewa pale, nikazaa pale.

Mwaka 2016 familia yangu ilipelekwa Marekani, jimbo la Michigan, katika mji wa Grand Rapids ambako Wakongo ni wengi. Siandiki haya ili mtu atamani njia hiyo. Tangu Januari 2025 imefungwa kwa wakimbizi karibu wote. Ninaandika juu ya jambo ambalo linaweza kufanyika Minova, Uvira au Nyarugusu, bila hati ya safari.

Mtoto anapokuwa mdomo wa mzazi

Kijana wangu alikuwa na miaka 13 tulipofika. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anaota kwa Kiingereza, na mimi bado nilikuwa natafuta maneno ya kununua chumvi. Yeye ndiye alinisomea barua za mwenye nyumba. Yeye ndiye alikwenda nami kwa daktari, akatafsiri mambo ambayo mtoto wa kiume hapaswi kusikia juu ya mama yake. Siku mwalimu aliponiita shuleni kwa sababu ya makosa yake, mtafsiri alikuwa yeye mwenyewe! Baadaye nilikuja kujua kwamba mwalimu alikuwa ametaja makosa matano. Mimi nililetewa moja, pamoja na sifa mbili ambazo mwalimu hakuzisema.

Tunaweza kucheka, lakini tuangalie vizuri. Mzazi anayemtegemea mtoto kwa kila neno atamkemea namna gani? Nilipompigia kelele, alinitazama kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Akaanza kurudi usiku. Akaacha kusema Kiswahili mbele ya wenzake.

Ninyi mliohama ndani ya nchi mnalijua jambo hili kwa sura nyingine. Baba alikuwa na shamba la mihogo na mbuzi saba. Leo ana kadi ya chakula, na anakaa mbele ya hema akingojea. Kijana wake anabeba mizigo sokoni, na jioni ndiye analeta unga. Nani sasa ni mkubwa wa nyumba? Kambi zilizozunguka Goma zilipobomolewa Februari 2025, familia nyingi zilirudi vijijini au zikahamia kwingine, na mashaka hayo yalikwenda nazo pamoja na masufuria. Wale wanaotafuta vijana wa kuwapa bunduki wanaijua nafasi hiyo kati ya baba na mtoto kuliko tunavyoijua sisi. Wanaingia hapo.

Zungumzeni: katika nyumba yako, ni kazi gani ya mzazi ambayo sasa inafanywa na mtoto? Vijana wajibu kwanza. Wazazi wasikilize bila kukatiza.

Kosa langu la mita mia moja

Mwaka 2018 kijana wangu aliingia katika timu ya shule ya mbio za nyika. Sisi Wakongo tumezoea kusema kros. Mbio hizi hazikimbiwi uwanjani. Wanapita kwenye majani, matope, msitu na vilima. Katika shule za sekondari za Marekani, wavulana na wasichana hukimbia kilomita 5, na mashindano huanza mwisho wa Agosti hadi mwanzo wa Novemba. Hakuna viti vya watazamaji. Mzazi akitaka kumwona mtoto wake mara tatu, lazima akate njia kupitia majani, kutoka kona moja mpaka nyingine, na vikombe vya kahawa vinamwagika.

Mimi nilikuwa nafanya kazi ya usiku kiwandani. Shindano la kwanza na la pili sikwenda. La tatu nilikwenda moja kwa moja kutoka kazini, nikiwa na kitenge na viatu vya wazi, nikasimama karibu na kilima. Wakaja kundi la mbele, wakaja wengine, halafu yeye. Alikuwa ameshika ubavu. Uso wake ulikuwa umekunjwa, na hatua zake zilikuwa za mtu anayetaka kukaa chini.

Sikufikiri. Nilikimbia kando yake, "Kaza, baba! Kaza, tunafika!", mpaka juu ya kilima. Labda ilikuwa mita mia moja. Msimamizi mwenye bendera akaja akipiga kelele. Sikuelewa hata neno moja, na mtafsiri wangu alikuwa ndani ya mashindano.

Sheria ni hii: mtu ambaye si mshindani haruhusiwi kukimbia pamoja na mkimbiaji ili kumsaidia mwendo. Mzazi akifanya hivyo, anayeweza kuadhibiwa ni mtoto, hata kuondolewa katika mashindano. Siku ile walituonya tu, kwa sababu kocha aliomba. Ndani ya gari kijana hakusema kitu. Kesho yake asubuhi aliniambia kwa sauti ndogo, bila hasira: "Mama, usije tena."

Nililala vibaya. Niliikasirikia ile sheria siku tatu nzima. Mzungu gani anamzuia mama kumsaidia mtoto wake? Siku ya nne hasira ilikuwa imepungua, nikawaza kwamba nilikuwa nimemfanyia kilimani kile alichokuwa akinifanyia mimi kwa daktari na kwa mwenye nyumba. Yeye alisema kwa mdomo wangu, na mimi nilitaka kupanda kwa miguu yake.

Mama mmoja Mkongo, ambaye binti yake alikuwa timu ileile, alikwenda nami kumwomba kocha msamaha. Kocha alicheka. Akasema kwamba katika shindano moja la mwezi wa Oktoba, baada ya mbio za wavulana, kutakuwa na mbio za watu wote, yaani wazazi, walimu na wanafunzi wa zamani, kwenye njia ileile. Kama mama anataka kukimbia, akasema, akimbie mbio zake.

Nifundishe

Jioni ile nilimwambia kijana: "Nitakimbia. Nifundishe." Alikataa siku mbili. Siku ya tatu alileta viatu vyake vya zamani, akaviweka karibu na mlango, akaondoka.

Tulikuwa na majuma matano. Nilikuwa narudi kutoka kiwandani alfajiri, yeye alikuwa ananingoja nje kabla ya shule. Juma la kwanza: kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane. Usianze kwa nguvu. Kilimani hatua ziwe fupi. Usitazame miguu, tazama mbele. Mimi niliyekuwa naamuru, sasa naamriwa. Alilipenda jambo hilo kupita kiasi, alinikemea kama koplo! Majirani wa kwetu wakaanza kusema. Mmoja alipiga simu mpaka Nyarugusu kumwarifu mama mkwe wangu kwamba nimechanganyikiwa.

Juma la pili, asubuhi moja, pumzi ilinikatika kabisa. Nikasikia pumzi yangu mwenyewe ndani ya masikio, na sauti ile niliijua. Ilikuwa ya mwaka 1996. Nikakaa kando ya barabara, nikalia. Kijana alisimama pale bila kujua aweke wapi mikono. Akauliza: "Mama, ni mguu?"

Nikamwambia si mguu. Nikamweleza jambo ambalo sikuwahi kumweleza: jinsi tulivyokimbia kutoka kijijini, jinsi mdogo wangu wa miaka tisa alivyoshika ubavu njiani akataka kukaa, na mimi nikamvuta kwa mkono mpaka ziwani. Pale ufukoni watu walisukumana, yeye akaingizwa katika mtumbwi mmoja na mimi katika mwingine. Tulimpata mwaka uliofuata, katika kambi ya Lugufu, amekonda, amenyolewa nywele, hataki kusema. Uso wake wa njiani ndio niliouona kilimani.

Kijana alikaa chini karibu nami. Akasema: "Mjomba? Mjomba yule mnene anayetuma vichekesho kwenye simu?" Nikasema ndiye. Tulichelewa, akakosa basi la shule.

Neno kwa wanaoongoza kikundi. Kumbukumbu za vita zinaweza kurudi kupitia mwili: pumzi, jasho, kelele za watu wengi, harufu ya moshi. Mtu akitetemeka au akinyamaza ghafla katika mazoezi, msimwambie akaze moyo. Mpeni maji, mtu anayemwamini akae naye, atembee badala ya kukimbia, au aache. Msimlazimishe kusimulia. Wala mzazi asimmwagie mtoto mambo yote kwa siku moja. Mimi kuna sehemu ambazo mpaka leo sijazisema, na sidhani nitazisema.

Siku yenyewe

Mbio za wavulana nilizitazama nikiwa mahali pamoja, mdomo umefungwa, mikono ndani ya kitenge. Kijana alimaliza wa sita katika timu yao. Halafu wakatuita sisi. Tulikuwa karibu watu arobaini, kila mmoja na namba kifuani. Nilivaa suruali chini ya gauni, na kitambaa kichwani.

Nilianza kwa nguvu, kosa alilonikataza. Kufika kilimani nilikuwa kama gari lililoishiwa mafuta. Nikaona vijana wa timu wamesimama nyuma ya kamba, na wangu katikati yao. Hakuvuka kamba. Alipiga kelele, mbele ya wenzake wote, kwa Kiswahili: "Mama, hatua fupi! Hatua fupi!" Wenzake wakaanza kuigiza bila kujua maana, "hatua fupi, hatua fupi", mpaka nikafika juu huku nikicheka, na kucheka kilimani ni kupoteza pumzi.

Nilimaliza kwa dakika 38, wa tatu kutoka mwisho. Nyuma yangu walikuwa mzee mmoja wa miaka sabini hivi na mwalimu aliyeumia goti.

Msidhani mambo yote yalinyooka siku hiyo. Kurudi usiku kuliendelea mpaka baba yake akaingilia. Lakini alianza kuniuliza habari za Fizi, kidogo kidogo, mara nyingi tukiwa tunatembea. Na katika mkutano wa shule wa Novemba alitafsiri karibu yote.

Hesabu ya mtu wa tano

Viongozi, sehemu hii ni yenu. Nilipoelewa jinsi pointi za mbio za nyika zinavyohesabiwa, niliwaza moja kwa moja juu ya kamati zetu za kambi.

Timu ya shule huwa na watu saba. Nafasi za watano wa kwanza hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inashinda. Timu ikichukua nafasi ya 1, 2, 3, 4 na 5, jumla ni 15, na hakuna inayoweza kuishinda. Sasa chukueni kalamu. Timu ya kwanza ina wakimbiaji hodari watatu: wanashika nafasi ya 1, 2 na 3. Lakini wa nne wao ni wa 20, na wa tano ni wa 24. Jumla ni 50. Timu ya pili haina nyota hata mmoja, ila inakuja pamoja: wa 5, 6, 7, 8 na 9. Jumla ni 35. Timu ya pili imeshinda, ingawa wale watatu wa mbele wote ni wa timu ya kwanza.

Na mtu wa sita kama mwanangu? Nafasi yake haiingii katika jumla ya timu yake. Lakini siku ile alimpita mtu wa tano wa shule nyingine karibu na mwisho, na hivyo akamsukuma nafasi moja nyuma. Shule ile iliongezewa pointi moja kwa sababu yake.

Kwa hiyo kocha mwenye akili hakai na wale wa mbele. Wale wanajua njia. Yeye anasimama mahali ambapo wa nne na wa tano wanaanza kuchoka. Katika kambi zetu mara nyingi tunafanya kinyume. Msaada ukifika, tunahesabu walivyopata mwenyekiti, makamu na katibu, tunaandika ripoti kwamba ugawaji ulikwenda vizuri. Mjane wa hema la mwisho, ambaye jina lake liliandikwa vibaya kwenye orodha, amekuwa wa 24. Kijana wake anaiona hesabu hiyo, hata kama sisi hatuioni.

Zungumzeni: katika mtaa wetu, mtu wa tano ni nani? Msitaje aina ya watu tu. Taja hema, taja nyumba, halafu mwamue nani atakwenda kumwona kesho.

Kuna mtu aliyelitumia jambo la kukimbia kwa ajili ya amani karibu na kwetu. Ni Tegla Loroupe, mwanamke wa jamii ya Pokot nchini Kenya, aliyekuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994. Mwaka 2003 alianzisha shirika la amani lenye jina lake. Katika mbio zake za amani, kama zile za Kapenguria, vijana wa jamii zilizokuwa zikiibiana ng'ombe na kuuana walikimbia njia moja, na wakubwa wa serikali walikimbia pamoja nao. Mwaka 2016 aliongoza timu ya kwanza ya wakimbizi katika Michezo ya Olimpiki, kule Rio de Janeiro. Walikuwa kumi, na miongoni mwao walikuwamo watano wakimbiaji kutoka Sudan Kusini, na wawili wacheza judo kutoka Kongo. Mimi ninachokipenda zaidi katika habari hii ni wale wakubwa kuvua viatu vya ofisi.

Zoezi: mbio za familia

Hili linahitaji majuma matatu. Majuma mawili ya kwanza ndiyo muhimu kuliko siku ya mbio, kwa sababu kijana ndiye mwalimu na mzazi ndiye mwanafunzi, asubuhi tatu kila juma. Asiyeweza kukimbia atembee haraka. Mtoto asiye na mzazi achague mtu mzima, na yatima wasiachwe mpaka mwisho wa kuchagua.

Kabla ya yote ombeni ruhusa kwa wasimamizi wa kambi na kwa chifu wa wenyeji, na mwaalike wenyeji wakimbie pia. Njia ipite mahali watu wanapopita kila siku. Msikate kupitia mashamba yaliyoachwa wala vichaka, kwa sababu ya mabomu na risasi ambazo hazijalipuka. Asubuhi yenyewe watu wawili watembee njia yote kwanza. Kupima ni rahisi: kamba ya mita 50 mara ishirini ni kilomita moja. Kilomita moja inatosha kwa watoto wadogo na wazazi, mbili kwa vijana wakubwa. Pale chakula kimepungua, fupisheni au mtembee tu. Tumbo tupu halishindani. Wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo na waliotoka kuugua kipindupindu wapewe filimbi na bendera. Msichague siku ya ugawaji wala ya soko, na mwanze kabla jua halijapanda. Maji yawepo mwanzo na mwisho. Wasichana na akina mama wavae wanavyotaka. Kitenge juu ya suruali hakijawahi kumwangusha mtu, mimi ni shahidi.

Timu ziwe za watu watano, zimechanganywa kwa kura: wawili waliohama, wawili wenyeji, na mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka arobaini kutoka upande wowote. Hesabuni nafasi za wote watano kama nilivyoeleza. Zawadi ya pesa msiweke, italeta kesi mpya kwa kamati. Vijana wakimbie kwanza, wazazi baadaye, ili wakati wazazi wanapochoka, vijana wawe ndio wamesimama pembeni.

Na mahali pa kilima wekeni kamba au mstari wa majivu, kila upande wa njia. Watazamaji wote wakae nyuma yake, na mama mmoja mwenye sauti kubwa apewe kazi ya kuwaangalia akina mama wengine.